Haki ya Baiskeli katika Njia ya Pangani

Katika mambo ambayo Serikali hustahili kushukuriwa, lami ni mojawapo, na mtu aliyepata kuisukuma baiskeli yake katika tope la masika baina ya Pangani na Muheza, matairi yamevikwa udongo mwekundu hata hayazunguki tena, hana ulimi wa kuikashifu barabara nzuri. Njia ya pwani itokayo Tanga, ikapita Tongoni na Kigombe mpaka Pangani, kisha ikavuka mto kuelekea Saadani na Bagamoyo, imengojewa na wazee ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki kabla ya kuliona lori la kwanza la kokoto. Lami na itandazwe. Dai langu ni moja: njia hii ilikuwa ya baiskeli kabla ya kuwa ya mabasi, na bado ni ya baiskeli hivi leo, na mwendo wa kuzunguka kutoka Tanga hadi Pangani, kutoka Pangani hadi Muheza, na kutoka Muheza kurejea Tanga, mwendo wa yapata kilomita 130, ni mzunguko ambao tungeweza kuutaja kwa fahari mbele ya nchi yoyote, maadamu wenye mamlaka ya barabara watakubali kumwekea mwendeshaji nafasi yake pembeni mwa lami, na kuiheshimu.

Mji wa Tanga haukuhitaji kufunzwa baiskeli na mtu. Umelala tambarare, barabara zake za Ngamiani zimenyooka na kupewa nambari badala ya majina, na wakazi wake tangu zama za babu zetu wameizoea baiskeli kwa kila haja ya maisha: karani huenda nayo kazini, mwalimu skuli, mvuvi hufunga tenga lake la samaki kwenye keria, na muadhini huiegemeza kwenye ukuta wa msikiti kabla ya kwenda kuadhini. Fauka ya hayo kuna jambo ambalo mtu wa mikoa mingine aghalabu husimama kulitazama, nalo ni wanawake. Mama wa makamo, amejitanda mtandio, pindo la buibui amelikusanya vizuri lisije likanaswa na mnyororo, kikapu cha sokoni kwenye usukani na mjukuu nyuma kwenye keria, hupita katikati ya mji kwa utulivu wa mtu apitaye uani kwake, wala hakuna anayegeuza shingo ila mgeni. Huo ndio mji wa waja leo waondoka leo, na sidhani kuwa kuna mji mwingine katika Jamhuri yetu ambao mwanamke wa heshima huketi juu ya tandiko la baiskeli bila ya kulazimika kujieleza kwa mtu.

Pamoja na hayo imeingia fikira, hasa miongoni mwa vijana, kwamba baiskeli ni dalili ya kushindwa na maisha, na kwamba aliye nayo yumo safarini kuelekea pikipiki, na mwenye pikipiki yumo safarini kuelekea gari. Kijana apatapo fedha zake za kwanza hukimbilia pikipiki. Simlaumu, kwa maana pikipiki humlisha yeye na nduguze. Ninalolikataa ni dharau. Fikira hiyo haina asili katika mji wetu, ambao matajiri wake wa zamani walikwenda madukani kwa baiskeli, na tukiiacha iendelee tutafika siku ambayo barabara zote zitajengwa kwa hesabu ya magari peke yake, kwa kuwa hakuna mhandisi amchoreaye nafasi mtu ambaye mwenyewe anaona haya kuonekana.

Ninayemkusudia katika makala hii, basi, ni mtu wa Tanga mwenyewe: mwalimu wa skuli ya msingi, muuguzi, mwanafunzi aliyemaliza mtihani wa kidato cha nne na anayengojea matokeo, mstaafu ambaye magoti bado yanamtii. Watalii watakuja wakipenda, na karibu yao; lakini desturi yetu ya kulitengeneza kila jambo jema kwa ajili ya macho ya mgeni, kana kwamba sisi tumezaliwa bila ya macho, ndiyo iliyotufikisha mahali ambapo mtoto aliyezaliwa Makorora aweza kufika umri wa kuoa bila ya kupata kuyaona magofu ya Tongoni, yaliyo mwendo wa asubuhi moja tu kwa baiskeli kutoka kwao.

Mwenye kutaka kuuzunguka mzunguko huu na auulize upepo kwanza. Pwani yetu ina pepo mbili kubwa, kaskazi na kusi, zilizoyaendesha majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi kwa karne nyingi, na hizo hizo ndizo zinazomwamuru mwendesha baiskeli. Kaskazi, ivumayo takriban kuanzia Desemba hadi Machi, humsukuma mgongoni anayeshuka kutoka Tanga kwenda Pangani. Kwa hiyo katika miezi hiyo ni afadhali kuondoka alfajiri kwa njia ya pwani, na kurudi kwa njia ya Muheza, ambako minazi, michungwa na vilima huuvunja upepo. Kusi ikishika, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, amri hugeuka: mtu na atangulie Muheza, ateremke kuelekea Pangani kupitia mashamba ya mkonge, kisha aifuate pwani kurejea Tanga hali amesukumwa. Asiyesikia haya atakwenda kilomita 50 uso kwa uso na upepo wa chumvi, na atafika na hasira ambayo haitamruhusu kuona gofu wala mnazi. Masika yenyewe yapishwe tu.

Tuseme ni Januari na kaskazi inavuma. Mtu akiisha kuuacha mji nyuma, baada ya kilomita chache hufika Machui, na huko ndiko kuliko Vibambani, kijiji alikozaliwa Shaaban Robert tarehe 1 Januari 1909 na ambako alizikwa mwaka 1962. Aliyesoma katika skuli zetu hukijua kitabu chake kimoja angaa kwa jina, na wengi hulazimika kuzikariri beti zake ili kufaulu mtihani. Lakini ni wangapi waliopata kusimama mahali alipolala? Shaaban alianza ukarani katika idara ya forodha mwaka 1926, na Pangani ilikuwa miongoni mwa vituo vyake vya kazi, hivyo kwamba nusu hii ya mzunguko, kutoka kijiji alikozaliwa mpaka bandari alikopiga mihuri ya ushuru, ni njia ya maisha yake. Kibao cha mbao chenye jina na mshale kingegharimu chini ya chakula cha mchana cha semina moja ya maendeleo ya Kiswahili.

Kisha Tongoni, na hapa sharti mtu ashuke. Magofu yapo karibu na bahari, baina ya mibuyu na mikoko, na mwenye haraka huweza kuyatazama kwa muda wa sigara moja na kuondoka akiamini kuwa ameyaona. Ni msikiti usio na paa, umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, mihirabu yake ingali ikionyesha ustadi wa fundi aliyeichonga. Na kando ya msikiti ni makaburi, zaidi ya 40, mengi yakiwa ni yale ya nguzo ambayo watu wa pwani yetu waliwajengea wakubwa wao katika karne ya 14 na ya 15. Nguzo nyingi zimeanguka na kulala vipande vipande majanini. Chache zilizosalia zimeinama. Mwenye kustahimili jua na alikaribie kaburi moja, atazame usawa wa kifua chake, naye ataona katika chokaa kishimo cha mviringo, laini ndani, chenye ukubwa wa bakuli la uji: hapo palikazwa bakuli la kaure lililotoka China au Uajemi, likawa pambo la marehemu na ushahidi kwamba wana wake walifanya biashara na ulimwengu. Mabakuli yamebanduliwa zamani. Chokaa imeendelea kulishika umbo lake, na ukiingiza kidole utahisi ukingo ambao ulilibana pambo hilo kwa mamia ya miaka.

Pwani hii, ambayo wazee huiita Mtang'ata, imo katika vitabu vya dunia nzima kwa sababu ambayo watoto wetu hawaambiwi. Mwezi wa Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zikiwa njiani kuelekea Mombasa, mojawapo, São Rafael, ilipanda fungu karibu na hapa, ikangojea maji kujaa hata ikajinasua. Januari 1499 Wareno walirudi kutoka Bara Hindi, wengi wao wakiwa wamekwisha kufa kwa kiseyeye, na walionusurika walikuwa wachache mno kuweza kuziendesha merikebu zote. Basi wakaihamisha shehena ya São Rafael, wakaitia moto hapa hapa, wakaendelea na safari. Mwanafunzi wa Tanga hukaririshwa jina la Vasco da Gama kama mtu wa nchi ya mbali na mambo ya mbali, ilhali merikebu yake iliteketea katika maji ambayo wavuvi wa Tongoni hutupa nyavu zao kila uchao. Na Richard Burton na John Speke walipoizuru pwani hii mwaka 1857, kabla ya safari yao ya kuyatafuta maziwa ya bara, mahame hayo yalikuwa yamekwisha kuwa makongwe. Mtu anayepita kwa gari la abiria, dirisha limefungwa kwa vumbi, hapati nafasi ya kuyajua haya hata akitaka. Dereva hasimami Tongoni ila pana abiria wa kushuka.

Baada ya hapo njia ni ya mkonge na bahari, mkonge ukitawala kuume na bahari ikionekana kushoto kwa vipindi, mpaka Kigombe na kuendelea. Sina mengi ya kusema juu ya kipande hiki, isipokuwa kwamba kivuli ni adimu na madafu ni rahisi.

Pangani haifai kupitwa kwa haraka, na ninamsihi mwendeshaji alale. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Usambara, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai. Pembe za ndovu ziliteremshwa hapa, na pamoja na pembe waliteremshwa binadamu waliofungwa minyororo, wengine wakasafirishwa Unguja, wengine wakabakizwa kandokando ya mto katika mashamba ya miwa, kuikata, kuishindika na kuichemsha kuwa sukari ya kuuzwa ng'ambo. Nyumba kubwa za mawe zinazoutazama mto zilijengwa kwa faida hiyo, na si haki kuusifu uzuri wa milango yake ya kuchongwa bila ya kulitaja jasho lililoinunua. Baadhi ya nyumba zimeanguka dari, mvumo umeota sebuleni, boriti zimetolewa kuwa kuni. Nyingine zingali zikikaliwa, na mlangoni utamkuta bibi akikaanga vitumbua chini ya kizingiti kilichochongwa aya.

Mwezi wa Agosti 1888 Emil von Zelewski, mtumishi wa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, alikuja kuutwaa mji huu kwa nguvu ya mkataba ambao Sultani Khalifa bin Said wa Unguja alikuwa ameutia saini miezi michache kabla yake. Na kwa dharau alizowafanyia watu na liwali wao, pamoja na askari wa manowari walioingia msikitini na mbwa, aliwasha vita vilivyoenea Mrima wote. Aliyejitokeza kuviongoza, Abushiri bin Salim al-Harthi, alikuwa na shamba lake la miwa katika bonde la mto huu, na ni katika mji huu huu aliponyongwa tarehe 15 Desemba 1889, baada ya kukamatwa na kukabidhiwa kwa Wajerumani. Tuna bahati kwamba mtu wa zama zile zile, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyatia mambo hayo katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, naye aliyaandika kwa macho ya watu wa upande huu wa bunduki. Mwenye mkoba wa kutosha na auchukue utenzi huo, ausome jioni kwenye ukuta wa mto, Boma likiwa mgongoni kwake na kivuko kikienda na kurudi Bweni mbele yake. Atajifunza jioni hiyo mambo ambayo mwalimu wa historia hakupata muda wa kumfundisha, na ninasema haya bila ya kumsuta mwalimu, ambaye mtaala umempa kurasa mbili tu.

Kivuko chenyewe kinastahili neno. Asubuhi hujaa baiskeli, zimepangwa ubavuni usukani kwa usukani, na kila moja imefungwa kitu: gunia la mkaa, matenga ya dagaa, kreti za soda, mbuzi aliyekwisha kukata tamaa. Daraja jipya la mto huu, lenye urefu wa mita 525, limebuniwa ili kuwaondolea watu wa Pangani adha ya kungojea, na ni jambo jema. Lakini mtu aliyevuka kwa kivuko akiwa na uzito wa kilo 80 kwenye keria atakuwa mtu yule yule darajani, amepandisha mlima mdogo wa zege huku lori likimpigia honi kwa nyuma. Nafasi yake juu ya daraja isiwe ya kuombewa.

Ng'ambo ya mto, upande wa kusini, ni Kikogwe, na hapo ndipo ilipoanza habari ya mkonge. Mwaka 1893 miche iliyoagizwa na Dk. Richard Hindorf kutoka Florida iliwasili kwa njia ya Hamburg. Katika miche 1,000 iliyosalimika ni 62 tu, nayo ikapandwa Kikogwe. Kutokana na hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyoufunika mkoa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka, ikawa ya kwanza duniani, kabla ya kamba za plastiki kuja kuiangusha bei na mashamba mengi kurudi msituni. Mwendeshaji aiachaye Pangani kuelekea Muheza, kiasi cha kilomita 45, huyapita mabaki ya ufalme huo: safu zilizonyooka mpaka upeo wa macho, kinu cha korona kilichonyamaza pengine, kambi za manamba ambao waliletwa kutoka Kigoma, Songea, Njombe, na hata kutoka Msumbiji na Burundi, kisha wengi wao wasirudi. Ndiyo sababu katika vijiji vya njia hii Muha, Mbena na Mmakonde wameoana na Mbondei, Mdigo na Msegeju hata wajukuu hawajui tena waulizwe kabila la nani.

Kipande hiki cha njia ni cha udongo na kokoto, hupanda taratibu, na ndicho kipendwacho zaidi na mwandishi wa makala haya, ingawa ndicho chenye hila. Mwiba wa ncha ya jani la mkonge, ukiisha kukauka na kuangushwa njiani na trela, hutoboa tairi na tyubu kwa pigo moja. Lakini hata hapo mwendeshaji hatakuwa mpweke, maana hakuna kijiji kisicho na fundi. Utamkuta chini ya mwembe, na beseni lake la maji ya kahawia. Huitoa tyubu kwa vijiko viwili vilivyofuliwa, huijaza pampu, huizamisha majini kipande baada ya kipande mpaka mapovu yatoe siri. Huweka njiti ya kiberiti mahali hapo isipotee. Huparuza kwa bati lililotobolewa kwa msumari, hupaka solusheni, na hungojea. Katika kungojea huko ndipo mtu hupata habari zote za kijiji: nani amefariki, nani ameuza shamba, na kwa nini mvua ya vuli haikutosha. Bei yake humtia haya hata mlipaji. Fedha ya baiskeli ina tabia hiyo, ya kubaki kijijini: hulipwa kwa fundi, kwa muuza madafu, kwa mama wa chai na mandazi, kwa mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba vitano, na mwenye kutafuta faida ya kiuchumi katika makala haya na aitafute hapo.

Milima ya Usambara ya mashariki hujitokeza mbele kwa rangi ya samawati, na mtu huingia Muheza akiwa amechoka kwa haki. Reli ya kwanza katika ardhi hii, iliyoanzwa Tanga mwaka 1893, ilifika Muheza mwaka 1896, na ndiyo hiyo, ikiwa imefikishwa Moshi, iliyomletea jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, askari wake mnamo Novemba 1914 wakayafukuza majeshi ya Waingereza yaliyokuwa yameshuka Tanga kutoka Bara Hindi. Hivyo ndivyo vita ambavyo nyuki waliochokozwa mizingani walivishiriki bila ya kuulizwa, na kuacha jina lao katika historia. Si mbali na mji ni Magila, ambako misheni ya Waingereza ya UMCA iliweka makao yake katika karne ya 19. Lakini nitasema kweli: mtu aliyefika Muheza kwa baiskeli hatafuti historia, anatafuta chungwa. Muuzaji hulimenya kwa kisu chembamba, ganda likitoka utepe mmoja usiokatika, hubakiza ile ngozi nyeupe ili mkono usilowe, hukata kifuniko juu, na kulikabidhi. Husimami kwenye moja.

Sehemu ya mwisho, kutoka Muheza kwenda Tanga kupitia Mkanyageni na Pongwe, ni barabara kuu itokayo Segera, na hapo ndipo hoja yangu inapokuwa nzito kuliko mandhari. Lami ni nzuri, mteremko ni wa upole, na mwendeshaji angeweza kuimaliza kwa furaha kama asingekuwa akitazama nyuma kila dakika. Malori ya saruji, mabasi ya kwenda Dar es Salaam, na magari madogo yenye haraka yasiyo na sababu ya haraka hiyo humsukuma mpaka kwenye ukingo wa lami, na ukingo wenyewe mahali pengi umeliwa na mvua ukawa na makali ya kuvunja ringi. Baba anayetoka Pongwe na kuni, mwanafunzi aliyembeba mdogo wake mbele ya tandiko, hawa hawana mzunguko wa starehe. Wapo hapo kila siku, na kila siku wanashuka vumbini kumpisha mtu aliye na injini. Barabara kuu hii ni mfano wa vile njia ya Pangani itakavyokuwa endapo itakamilishwa kwa fikira zile zile.

Kwa hiyo na yafanyike haya, na yafanyike wakati mitambo bado ipo barabarani. Mabega ya lami yawe na upana wa mita moja na nusu kila upande, na yatenganishwe na njia ya magari kwa mstari unaoguruma chini ya tairi, ili dereva aliyesinzia aamke kabla ya kumfikia mtu. Yasigeuzwe maegesho, wala gulio la mkaa, wala mahali pa mabasi kusimamia. Matuta ya vijijini yaachiwe upenyo pembeni, maana tuta linalompunguza mwendo dereva wa lori humrusha mwenye baiskeli na mzigo wake. Vibao viwekwe Vibambani, Tongoni, Kikogwe na penye Boma la Pangani, vimeandikwa kwa Kiswahili fasaha kwanza, na lugha nyingine zifuate. Na kipande cha Pangani hadi Muheza, siku zamu yake ya lami itakapofika, kipangwe hivi tangu kwenye ramani.

Nitaambiwa kwamba fedha hazitoshi. Jibu langu ni kwamba bega la barabara huwa rahisi siku kifusi kinaposhindiliwa, na huwa ghali siku inapobidi kurudi kuchimba upya. Tena gharama ya mtu aliyegongwa, wodi yake, mguu wake, watoto wake walioacha skuli, hulipwa na hazina hiyo hiyo kwa jina jingine. Nitaambiwa pia kwamba waendesha baiskeli ni wachache. Aisemaye hivyo na asimame kwenye njia panda ya Pongwe saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ahesabu, kisha alete hesabu yake.

Madiwani wa Tanga, Pangani na Muheza wana uwezo wa kulileta jambo hili vikaoni mwao pamoja, kwa kuwa mzunguko unapita katika halmashauri zao zote na hakuna mmoja wao atakayeweza kulitimiza peke yake. Wapiga kura wao wenye baiskeli na wawaulize. Na wewe msomaji ambaye baiskeli yako imeegemea stoo na tyubu zimekauka, mpelekee fundi wiki hii: kaskazi haivumi zaidi ya Machi, na masika yakiisha kuanguka njia ya Muheza haipitiki.